Kosa la bendi moja lina bei gani?

Tangu serikali ya Kenya itangaze kwamba karo ya vyuo vikuu vya umma itashushwa kwa kati ya asilimia 15 na 40 kuanzia Septemba 1, 2025, mjadala wa ufadhili wa masomo umetulia kana kwamba umekwisha. Wazazi wengi wamepumua. Baadhi ya wasimamizi wa vyuo wana wasiwasi kwamba taasisi zao zitarudi palepale kwenye madeni. Naona pande zote mbili zinautazama uamuzi huo kama jambo la bei tu: kitu kilikuwa ghali, sasa kimekuwa nafuu, basi atafaidi mnunuzi na ataumia muuzaji. Maana yake ni kubwa kuliko hapo. Ubaya wa mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023, ambao sasa huzipanga familia kwenye ngazi ziitwazo bendi kulingana na kipato, hautokani na kupima umaskini wa watu, wala hata na kupima vibaya. Serikali yoyote inayogawa fedha chache kwa watu wengi italazimika kupima, na hakuna kipimo kisichokosea. Ubaya wa mfumo huu ni kwamba umelifanya kosa la kupima kuwa ghali mno, kisha ukamtwika gharama hiyo mtu asiye na mgongo wa kuibeba. Kushusha karo kumeipunguza gharama hiyo, nami naunga mkono. Lakini chanzo chake kingalipo, na tukinyamaza sasa tutakutana nacho tena kila mwaka barua za kujiunga na vyuo zinapotoka.

Tuanze na tulikotoka. Kenya ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu katika miaka ya 1970, na waliosoma enzi hizo bado wanaikumbuka "boom", ile pesa ya kujikimu iliyowafikia wote. Mwaka wa 1991 ukaja mpango wa kugawana gharama, na mwanafunzi akaanza kulipia chakula alichokula. Mwaka wa 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na hapo kupima uwezo wa familia kukawa kazi rasmi ya kila mwaka. Jambo la kukumbuka katika mfumo huo wa zamani ni kwamba kipimo hakikugusa karo. Mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au mtoto wa mchuuzi wa samaki. Kilichopimwa ni mkopo, ambao kwa kawaida ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. HELB ikikukosea, ulikosa shilingi 25,000 hivi, tena za mkopo ambao ungeurudisha baadaye. Kosa liliuma, na wapo walioshinda njaa kwa ajili yake. Lakini halikumfukuza mtu chuoni.

Mfumo huo nao ulikuwa na ugonjwa wake. Serikali iliahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, na sehemu ndogo iliyobaki imwendee mwanafunzi. Ahadi ikawa inapungua mwaka baada ya mwaka, hadi fedha zilizotoka Hazina Kuu zikafikia kama asilimia 48 ya gharama. Vyuo viliziba pengo kwa wanafunzi wa kujilipia, wale wa masomo sambamba. Mtihani wa kidato cha nne ulipodhibitiwa upya mwaka wa 2016 na waliopata alama ya C+ kwenda juu wakawa chini ya 90,000, kisima hicho kikakauka. Karibu wote waliofaulu walipata nafasi ya serikali, wakawemo waliopelekwa vyuo vya kibinafsi kwa fedha za umma. Vyuo vikabaki na majengo, wafanyakazi na madeni ya mabilioni: pensheni zisizopelekwa, kodi zisizolipwa, wahadhiri wanaodai malimbikizo. Anayesema mfumo wa zamani ulikuwa mzuri na ungeachwa ulivyo hakuyaona mabweni ya miaka hiyo.

Mei 2023 Rais William Ruto alizindua mfumo mpya. Fedha zisimwagwe vyuoni kwa jumla, zimfuate mwanafunzi, na kila mmoja apewe kulingana na hali ya kwao: sehemu iwe ufadhili usiorudishwa, kutoka Hazina ya Vyuo Vikuu; sehemu iwe mkopo wa HELB; na sehemu ilipwe na familia. Kundi la kwanza la wanafunzi liligawanywa katika ngazi nne. Katika ngazi mbili za chini familia haikutakiwa kulipa karo. Katika mbili za juu ililipa asilimia 7. Mwaka wa 2024 ngazi nne zikawa bendi tano, na ukiuliza ni nini hasa kilichowaudhi watu, jibu utalipata kwenye bendi hizo. Bendi 1 hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi 2, familia hulipa 10. Bendi 3, 20. Bendi 4, 30. Bendi 5, ambayo ni ya familia zenye kipato cha zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi, hulipa 40. Katika mwaka mmoja tu, tofauti ya mzigo kati ya familia ya chini kabisa na ya juu kabisa iliruka kutoka pointi 7 hadi pointi 35.

Tuiweke kwenye shilingi. Chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka. Chini ya mpango wa 2023, familia iliyokosewa na kuwekwa ngazi ya juu kabisa ingelipa shilingi 16,800. Chini ya bendi tano, Bendi 1 inalipa 12,000 na Bendi 5 inalipa 96,000. Mizani ni ileile, maswali ni yaleyale au yanakaribiana, ila jibu lisilo sahihi limepata bei mpya. Na si lazima mtu arushwe kutoka bendi ya kwanza hadi ya tano ndipo aumie. Mpaka kati ya Bendi 2 na Bendi 3 ni kipato cha shilingi 23,670 kwa mwezi. Ukivuka mstari huo kwa shilingi moja, mchango wa familia unatoka 24,000 na kuwa 48,000 kwa mwaka. Kwa kozi ya miaka minne hiyo ni tofauti ya shilingi 96,000.

Sasa nani anaijua shilingi hiyo moja? Niliwahi kuketi kwenye saiba moja, duka la kulipia intaneti, karibu na soko la Kongowea, Mombasa, kando ya kijana aliyekuwa akijaza fomu ya kuomba ufadhili. Mamake alisimama nyuma ya kiti chake, leso kiunoni, harufu ya nyanya ingali mikononi. Kijana alifika kwenye swali la kipato akageuka. "Mama, kwa mwezi wapata ngapi?" Mama akamuuliza, "Mwezi gani?" Hakuwa anakwepa. Alianza kuhesabu kwa vidole: mwezi ambao nyanya za Taveta zilishuka bei akauza kwa hasara; mwezi wa Ramadhani, biashara ikachangamka; mwezi aliougua akakaa nyumbani wiki mbili; mwezi ilipofika zamu yake ya kupokea pesa za chama, ambazo akizihesabu ni kipato na asipozihesabu ni akiba yake mwenyewe inayomrudia. Taarifa ya M-Pesa haikumsaidia, maana pesa za mtaji, za jirani aliyemwagiza unga na za mauzo zote hupitia laini moja. Kijana aliandika kadirio. Sitaliita uongo, na sitaliita kweli. Ni kadirio la kijana wa miaka 18 aliyeona foleni nyuma yake na saiba inayotoza kwa dakika.

Hali ya mama yule ndiyo hali ya Wakenya walio wengi. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi nchini wako katika sekta ya jua kali. Hawana hati ya mshahara, na mapato yao hupanda na kushuka kama maji ya kupwa na kujaa. Kipimo cha maswali kinaweza kumtofautisha yatima asiye na kitu na mtoto wa mkurugenzi wa kampuni. Hilo hata chifu angeliona kwa macho. Kinachokishinda ni kazi yenyewe tuliyokipa, yaani kuzipanga familia nyingi zilizo katikati, ambazo zinafanana mno, kwenye ngazi zenye mipaka ya shilingi kamili. Ugumu huohuo tumeuona tangu Oktoba 2024 katika bima ya afya ya SHA. Wasioajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali zao kisha hupangiwa mchango, na malalamiko yaliyofuata ni yaleyale ya vyuoni: jirani wawili wanaoishi maisha mamoja wameambiwa walipe viwango viwili.

Upande wa pili nao una hasara isiyosemwa sana. Mwalimu na muuguzi wa hospitali ya kaunti hawana pa kujificha, kwa sababu kila shilingi yao iko kwenye hati ya mshahara. Imo pia ile isiyowafikia kabisa: makato ya Sacco, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, pamoja na kodi. Mfanyabiashara anayepata mara tatu yao lakini haweki vitabu anaweza kujitangaza anavyopenda. Hivyo kipimo kinachodai kumlinda maskini dhidi ya tajiri, mara nyingi humpa adhabu anayeonekana na kumpa nafuu asiyeonekana. Sijui baraza la wazazi lolote ambalo halina mfano wa familia ya mwalimu iliyowekwa bendi ya juu kuliko ya mwenye maduka.

Ni haki niupe mfumo huu hoja zake zenye nguvu. Ya kwanza ni ya usawa, na haipuuziki: kwa nini mtoto wa bilionea alipe shilingi 16,000 sawa na mtoto wa mjane? Tukiendelea kuwa wakweli, karo ndogo kwa wote ilikuwa ruzuku iliyowafikia zaidi waliokwisha kubahatika, maana aliyesoma shule nzuri tangu utotoni ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kupata C+ na kuingia chuoni, na mtoto wa kijiji kisicho na maabara hakufika hata langoni. Kodi ya mchuuzi wa Kongowea ilimlipia mwanafunzi wa udaktari ambaye kwao kuna magari matatu. Hoja ya pili ni ya kitaasisi: fedha zikimfuata mwanafunzi, chuo kinalazimika kumvutia na kumhudumia, na nchi inajua kozi moja inagharimu kiasi gani hasa. Hapo awali hata hilo hatukulijua vizuri. Hoja hizi mbili nazikubali kama maswali halali. Nisichokubali ni kwamba bendi tano ndizo jibu.

Hoja ya usawa inadhani tunaweza kumwona bilionea. Kama tunaweza, basi tayari tunaye kwenye kodi, na huko ndiko mahali pazuri pa kumtoza, maana kodi hutozwa kila mwaka na haimgusi mtoto. Kama hatuwezi kumwona kwenye kodi, fomu inayojazwa na mwanawe haitamwona pia. Na hoja ya taasisi haihitaji familia zigawanywe ngazi. Fedha zinaweza kumfuata mwanafunzi kwa kiwango kimoja, na chuo kikapata chake kulingana na idadi ya waliojiunga na aina ya kozi. Tena kilichoviangusha vyuo katika mfumo wa zamani hakikuwa udogo wa ile 16,000. Ni serikali kutolipa ile asilimia 80 iliyoahidi. Mdaiwa huyohuyo ndiye anayetakiwa sasa kulipa asilimia 70 ya mwanafunzi wa Bendi 1. Akichelewa, deni ambalo zamani lilikuwa kati ya chuo na Hazina Kuu linaonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi, jina lake likiwa juu. Kwa hiyo mtoto wa maskini kabisa, ambaye sehemu kubwa ya karo yake inatoka serikalini, ndiye mwenye kuyumbishwa zaidi serikali inapochelewa. Mwenzake wa Bendi 5 angalau ana asilimia 40 aliyoilipa mwenyewe.

Ipo hoja nyingine inayotolewa kwa kujiamini sana, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba shule ya sekondari aliyosoma mtoto ni ushahidi wa uwezo wa familia. Kama mliweza kulipa shule ya kitaifa au ya kibinafsi miaka minne, mnashindwaje chuo? Anayesema hivi haijui Kenya, au ameisahau. Karo ya sekondari hapa hulipwa na harambee, na kanisa, na msikiti, na shangazi aliye Saudia, na basari ya eneo bunge, na ng'ombe aliyeuzwa. Mpango wa Wings to Fly wa Equity Group Foundation uliundwa kwa ajili hiyohiyo, kuwachukua watoto werevu wasio na kitu na kuwalipia shule nzuri. Mtoto aliyesomeshwa na wafadhili akifika mwisho wa kidato cha nne, wafadhili huaga. Anarudi kwenye nyumba ileile aliyoiacha, na jina la shule kubwa mkononi likiwa shahidi dhidi yake. Nimezungumza na wazazi waliojuta kumkubalia mwalimu mkuu ombi la kumtafutia mtoto wao mfadhili wa shule bora. Sera inayomfanya mzazi ajutie elimu ya mwanawe ina kasoro kubwa kuliko ya hesabu.

Wengine husema deni humfunza kijana kuwajibika. Tazama basi deni lenyewe linavyokaa. Pesa za kujikimu ni mkopo wa HELB pia, na hupungua kadiri bendi inavyopanda: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa Bendi 1, 55,000 kwa Bendi 2, hadi 40,000 kwa Bendi 5. Turudi kwenye kozi yetu ya 240,000. Mwanafunzi wa Bendi 1 anakopa 60,000 za karo na 60,000 za kujikimu. Kwa miaka minne anatoka na deni la shilingi 480,000. Wa Bendi 2, ambaye kwao hawafikishi 23,670 kwa mwezi, anatoka na 508,000. Wa Bendi 5 anatoka na 448,000, tena kama amekopa kabisa, maana wengi wa Bendi 5 wa kweli hawana haja ya kukopa. Katika mfumo wa zamani, aliyekopa kiwango cha juu kabisa alimaliza na 240,000. Yaani mfumo unaojiita wa kumwinua maskini unamtoa chuoni akiwa na deni kubwa kuliko la tajiri, na takriban mara mbili ya deni la dadake aliyemtangulia. Deni hilo lina riba ya asilimia 4, linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kijana anayemaliza mwaka huo kisha akakaa miezi 20 zaidi bila kazi hupata faini ya 100,000 kwa kosa la kukosa kazi. Sioni uwajibikaji anaofunzwa hapo. Anachofunzwa ni kuzima simu.

Mahakama nazo zimeingia. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo huu unakiuka Katiba kwa kuwa unabagua na haukushirikisha umma ipasavyo, na mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa hukumu hiyo. Wanaharakati waliifurahia ile ya kwanza, serikali ikaifurahia ya pili, na vyuo vikaendelea kupokea wanafunzi kwa bendi zilezile. Naiheshimu hukumu ya Jaji Mwita, lakini nadhani tuliiwekea matumaini yasiyo yake. Mahakama inaweza kusema mizani hii haifai. Haiwezi kututengenezea nyingine wala kuandika bajeti. Hata serikali ikishindwa rufaa, inaweza kuitisha vikao vya umma katika kaunti 47, kupitisha sheria, na kuturudishia bendi tano zilezile zikiwa na muhuri wa Bunge.

Ndiyo maana nasema kushushwa kwa karo kumeeleweka vibaya. Kozi yetu ya 240,000 ikishushwa kwa asilimia 30 inakuwa 168,000. Familia ya Bendi 5 sasa inalipa 67,200 badala ya 96,000, na ya Bendi 1 inalipa 8,400 badala ya 12,000. Kwa Bendi 1 nafuu ni shilingi 3,600, na kwa Bendi 5 ni 28,800. Kwa hesabu ya kawaida mtu angelalamika kwamba tajiri ndiye aliyefaidi zaidi. Lakini kwa yule aliyewekwa Bendi 5 kimakosa, na kwa familia iliyoangukia upande mbaya wa ule mstari wa 23,670, hiyo ndiyo nafuu ya maana, kwa sababu kosa walilofanyiwa limepungua bei. Kila karo inaposhuka, umuhimu wa bendi unashuka pamoja nayo. Serikali haikulisema jambo hilo hivyo, na pengine haikulikusudia, ila imekiri kwa vitendo kwamba bendi haziaminiki kiasi cha kubebeshwa karo nzima.

Basi tuifuate njia hiyo hadi mwisho wake. Karo iwe ndogo na moja kwa kila kozi ya serikali, kiwango ambacho familia ya soko la Kongowea inaweza kukichanga bila kuuza kiwanja, na sehemu iliyobaki ilipwe na serikali kwa chuo kulingana na gharama ya kozi. Kipimo cha umaskini tukihamishie kwenye pesa za kujikimu, yaani chakula, kodi ya chumba na nauli, na kwa Bendi 1 na 2 pesa hizo ziwe ruzuku badala ya mkopo. Huko nako kipimo kitakosea. Lakini atakayekosewa atapungukiwa na 20,000 kwa mwaka, si kiti darasani. Atakula githeri siku tatu mfululizo, na mtihani ataufanya.

Na mkopo utakaobaki, tumpime aliyeukopa badala ya mzazi wake, na tumpime baadaye badala ya mwanzo. Kipato cha mama wa nyanya hakionekani, lakini cha mhitimu aliyeajiriwa kinaonekana kila mwezi pale KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Australia imekuwa ikifanya hivyo tangu 1989: mhitimu halipi mpaka kipato chake kivuke kiwango fulani, na malipo hukatwa pamoja na kodi. Jirani zetu Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika aliyeajiriwa, na mwaka wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwafanya watu walipe miaka nenda miaka rudi deni lisipungue. Asilimia 15 naiona nzito, na walimu wengi wa Tanzania watakuambia hivyohivyo, lakini msingi wake ni wa haki kuliko wetu: anayepata kidogo anakatwa kidogo, na asiye na mshahara hakatwi mshahara asio nao. Huko ndiko pia tutakapompata yule mtoto wa bilionea. Akihitimu na kupata kazi ya mshahara mnono, atalipa zaidi na atamaliza mapema, na hatutakuwa tumemuuliza babake swali lolote.

Njia hii ina gharama, na sitaki kumficha msomaji. Mchango wa Bendi 4 na 5 utapungua, na Hazina Kuu italazimika kuuziba. Wahitimu wengi wataingia jua kali, ambako KRA hawaoni vizuri, na sehemu ya mikopo haitarudi. Kuna hatari nyingine kubwa zaidi: serikali ikishusha karo na isiongeze fedha zake, tutakuwa tumerudi kwenye asilimia 48, na chuo kitamtoza mwanafunzi kwa majina mengine, ada ya hiki na ada ya kile, mpaka karo ndogo iwe jina tu. Hilo ndilo wasimamizi wa vyuo wanaloliogopa mwaka huu, na wana haki ya kuliogopa. Lakini hatari hiyo ipo pia ndani ya mfumo wa bendi. Tofauti ni kwamba sasa hivi pengo la Hazina Kuu limegawanywa vipande maelfu na kuwekwa kwenye akaunti za wanafunzi mmoja mmoja, ambako hakuna mbunge anayeliona kwa ukubwa wake. Likirudi kuwa deni moja la serikali kwa chuo, litasomwa kwenye bajeti, na waziri ataulizwa.

Wabunge watakapoletewa mswada wa ufadhili wa elimu ya juu, na kwa jinsi kesi zilivyo sioni namna ambavyo hautaletwa, wataulizwa zaidi kuhusu idadi ya bendi: ziwe tano, ziwe tatu, mpaka uwe 23,670 au 30,000. Ningewaomba waanze na kifungu kingine kabisa, kisemacho kwamba mwanafunzi aliyelipa sehemu ya familia yake hatazuiliwa kuingia darasani, kufanya mtihani wala kuchukua cheti kwa sababu ya fedha ambazo Hazina Kuu haijatuma. Kisha waandike cha pili, kwamba sehemu hiyo ya familia, katika bendi yoyote ile, isizidi kiwango kimoja kwa mwaka, nacho kitajwe kwa shilingi ndani ya sheria yenyewe.